Mbunge Hashiki Shilingi kwa Ugonjwa Ambao Hajawahi Kuuona

Hii ni hotuba niliyoitoa Morogoro mjini kwenye mkutano wa familia zenye wagonjwa wa magonjwa adimu ya ubongo. Wengi mlikwama na mvua, wengine nauli, mkaniomba niiweke yote. Basi hii hapa kama nilivyoongea, zile picha za ukutani tu ndio nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Vijana wenzangu habari za safari. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Mama zangu mliokuja na watoto, wacheni walie, wacheni watembee, mtoto akianguka kuna godoro pale pembeni na nesi yupo, hapa hakuna wa kumshangaa mtu.

Mimi natokea Mahenge, wilaya ya Ulanga. Mdogo wangu wa kiume ana ule ugonjwa wa kutikisa kichwa, kwetu wazee wanasema amesinzia kichwa. Najua humu ndani kuna familia za magonjwa mengi tofauti, kuna wenye watoto wa vifafa vya kurithi ambavyo jina lake hata daktari alilisoma kwenye simu kwanza, kuna dada kaja na mume wake ambaye mishipa ya fahamu inakufa taratibu, kuna walioambiwa tu "ubongo una shida" wakarudishwa nyumbani. Nitaongelea zaidi ule ninaoujua, ila nataka kila mmoja asikie wa kwake humo humo. Ugonjwa mmoja mmoja una watu wachache, lakini mkiyajumlisha magonjwa adimu yote duniani ni watu zaidi ya milioni 300. Milioni 300! Hao ni wengi kuliko Tanzania, Kenya na Uganda zikiwekwa pamoja. Sasa mbona kila mmoja wetu alidhani yuko peke yake?

Ngoja niwaelezee wale ambao hawajawahi kuuona. Mtoto amezaliwa mzima, ametembea kwa wakati wake, ameanza shule. Anafika miaka mitano, saba, tisa, siku moja sahani ya ugali imewekwa mbele yake, anamega tonge la kwanza halafu kichwa kinaanza kushuka. Kinashuka kinapanda, kinashuka kinapanda, mara kumi kwa dakika au zaidi, macho yako wazi ila mwenyewe hayupo, tonge limebaki mkononi limebanwa tu. Baada ya dakika chache anarudi anaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Mama anadhani mtoto ana usingizi. Miezi inapita ndio kinaingia kifafa chenyewe cha kuanguka, darasani anaanza kusahau hata alichokijua mwaka jana, kimo kinagoma, kijana wa miaka kumi na tano unamwona kama wa tisa. Madaktari wanauhusisha na usubi, yaani ule ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na mito yetu inayoteremka kutoka milima ya Mahenge ni ya kasi kweli kweli. Mnyoo unaufikiaje ubongo bado wanachunguza, mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba inawezekana kinga ya mwili inayopigana na mnyoo inageuka kushambulia hadi seli za ubongo wa mtoto mwenyewe. Lakini kinga ya nje tunayo, ni dawa ya usubi, zile tembe ambazo mgawa dawa wa kijiji anakuja nazo nyumbani na fimbo yake ya kupimia urefu, anakusimamisha mlangoni, anaangalia kichwa kimefika alama gani, anakuhesabia tembe zako. Mtoto chini ya sentimita 90 hapewi. Wa Ulanga mnaijua hiyo fimbo, si ndio?

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Ugonjwa huu ulionwa na daktari kwetu kabla hatujapata uhuru bendera haijapanda. Daktari Louise Jilek-Aall, mama wa Kinorwe, alifika Mahenge mwishoni mwa miaka ya hamsini, mwaka 1960 akafungua kliniki ya kifafa, akakuta watu wana makovu ya moto mwilini kwa sababu mgonjwa akiangukia motoni watu waliogopa kumshika, waliamini mate yake yanaambukiza, akakuta wengine wanalishwa kwenye chombo chao peke yao. Na watoto wa kutikisa kichwa aliwaona, akaandika. 1965 maandishi yake yameshatoka. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanasayansi juu ya ugonjwa huu umefanyika lini? 2012, Kampala. Miaka 47. Karibu nusu karne! Watoto wangapi wa Ulanga wamezikwa hapo katikati?

Kwa nini Kampala? Hili ndilo la kwanza ninalotaka muondoke nalo leo, kwamba mwenye kupitisha hela hapitishi hela kwa kitu ambacho hajawahi kukiona.

Kaskazini ya Uganda, Kitgum, Pader, Lamwo, watu walikuwa wanatoka kwenye kambi za vita vya Kony, yule kiongozi wa waasi. Miaka mingi wamekaa kambini, wanarudi mashambani, halafu watoto wanaanza kutikisa vichwa, kumi, mia, mpaka ikatajwa zaidi ya watoto 3,000. Wazazi wengine ilibidi wawafunge watoto kamba kwenye mti wakienda shamba, na msiwalaumu, mtoto akibaki huru anaangukia moto au anapotea porini, na shamba lisipolimwa watoto wote wanalala njaa. Ungefanyaje wewe? Barua ziliandikwa, ripoti zikaandikwa, wataalamu wakaja na mabegi yao wakachukua damu wakaondoka. Mwezi wa pili 2012 mbunge mwanamke wa Kitgum, Mheshimiwa Beatrice Anywar, akaona imetosha. Akachukua kundi la watoto wagonjwa pamoja na wazazi wao akawapeleka Kampala, mpaka hospitali ya taifa ya Mulago. Umbali wote ule. Ugonjwa uliokuwa wa kusimuliwa sasa uko mjini, mbele ya kamera, mbele ya mawaziri, mtoto anatikisa kichwa na wewe mheshimiwa unamtazama.

Kilichofuata ni nini? Mwezi wa tatu mwaka huo huo vituo vya matibabu vikafunguliwa kule kaskazini, watoto wakaanza kupewa dawa ya kifafa, valproate, kwa mpangilio, chakula, wahudumu wakafundishwa. Mito ikapuliziwa dawa kwa ndege kuua viluwiluwi vya inzi. Dawa ya usubi ikawa inagawiwa mara mbili kwa mwaka. Na watoto wapya wakaacha kuonekana. Naomba nirudie kwa sababu hii ndiyo habari njema kuliko zote nitakazosema leo, watoto wapya wakaacha kuonekana. Tangu karibu 2013 Uganda haina wimbi jipya la huu ugonjwa. Sisemi ni kwa sababu ya safari moja ya Kampala, kulikuwa na wabunge wengine wa eneo hilo la Acholi wanapiga kelele bungeni, madaktari wa Uganda walishafanya kazi kubwa, waandishi wa habari walishaandika. Ila serikali ilihama kutoka kwenye "tunafuatilia" ikaja kwenye "tumetenga" baada ya watoto kuonekana. Sisi wa Mahenge tuliandikwa vizuri sana kwenye majarida ya nje tangu 1965, na sauti yetu ikabaki milimani.

Hapa lazima niseme kitu kimoja na nakisema nikiwa dada wa mgonjwa. Mtoto kuonekana ni tofauti na mtoto kuonyeshwa. Tukienda Dodoma hatupeleki watoto wakaangushwe na kifafa mbele ya wabunge ili watu walie. Mtoto aliye katika hali mbaya abaki nyumbani na mtu wa kumwangalia. Anayeweza kusafiri na anayetaka, aende, avae vizuri, akae kwenye kiti kama mgeni, na kama anaweza kuongea aongee mwenyewe. Mdogo wangu anapenda kuwaambia watu kwamba yeye ndiye anayelisha bata wa nyumbani. Basi aanze na bata. Mbunge ajue kwanza anaongea na binadamu, habari ya ugonjwa itafuata.

La pili. Ukishaonekana, uombe nini?

Maana nimekaa kwenye vikao vingi tunaomba "serikali ituangalie kwa jicho la huruma". Jamani. Jicho la huruma lina kasma, yaani mstari wake wa hela kwenye bajeti? Waziri akisema "tumelipokea" si ameshamaliza? Mbunge anayekupenda kabisa, anayetaka kukusaidia, akisimama jioni ile bajeti ya afya inapitishwa kifungu kwa kifungu, atashika shilingi ya waziri, yaani amzuilie bajeti yake mpaka ajibu, kwa ajili ya jicho la huruma? Hawezi. Anataka kifungu, anataka jambo lenye jina ambalo waziri atasimama ajibu ndio au hapana.

Niwapeleke Marekani kidogo, mwaka 1980. Kuna mama California, mtoto wake anaitwa Adam Seligman, ana ugonjwa wa ubongo unaoitwa Tourette, mwili unaruka wenyewe, sauti zinatoka zenyewe, hawezi kuzuia. Ipo dawa inamsaidia, pimozide, lakini Marekani haiuzwi, wanaipata kutoka Kanada. Siku moja forodhani ikakamatwa. Yule mama akaenda kwa ofisi ya mbunge wao Henry Waxman, na hakwenda kuomba huruma, alikwenda na jambo lake moja, dawa ya mwanangu ipo, inamsaidia, na imekamatwa mpakani. Watu wa ofisi ya mbunge wakaanza kuuliza kwa nini haiuzwi hapa, wakagundua wagonjwa ni wachache mno kampuni haioni faida, na dawa za namna hiyo ziko nyingi, zimekaa tu makabatini hazina mwenyewe. Tayari kulikuwa na mswada wa mbunge Elizabeth Holtzman wa New York kuhusu dawa hizo. Wakaitisha kikao cha kusikiliza familia. Kikao hakikujaa, ila mwandishi mmoja wa gazeti la Los Angeles akaandika, habari ikasomwa na mtu aliyekuwa kwenye kipindi maarufu cha televisheni, kipindi kikatengeneza hadithi ya mtoto mwenye Tourette, na 1981 mwigizaji mkuu wa kipindi hicho, Jack Klugman, akaenda kukaa mbele ya kamati ya bunge. Siku hiyo kamera zilikuwepo! Januari 4, 1983, Rais Reagan akasaini sheria ya dawa za magonjwa adimu. Katika miaka 10 kabla ya sheria, dawa za magonjwa adimu zilizoletwa sokoni na kampuni hazikufika 10. Baada ya sheria ni mamia. Chanzo, mama mmoja na chupa ya dawa iliyokamatwa.

Na msiseme hayo ni ya Marekani. Kuna mama kijiji cha jirani na kwetu, sitamtaja. Mwanae anatumia phenobarbitone. Wote mnajua ile dawa ukiikata ghafla kifafa kinarudi kwa hasira, mtoto anaweza kuanguka mfululizo mpaka afe. Sasa akienda zahanati anakuta dawa imeisha, anaandikiwa karatasi akanunue dukani, dukani kwenyewe ni mpaka apande bodaboda. Akachukua daftari la shule la mwanae, lile lililobaki nusu baada ya mtoto kuacha masomo. Akapiga mistari minne kwa rula. Tarehe. Dawa gani. Nimepewa au hakuna. Mtoto ameanguka mara ngapi wiki hiyo. Kila akirudi anaandika. Daftari lina madoa ya mafuta ya taa, mwandiko umepinda, lakini ukiangalia wiki ambazo zimeandikwa "hakuna" na ukiangalia safu ya mwisho, huhitaji kufundishwa na mtu. Diwani alipopita kwenye mkutano wa kijiji yule mama hakuomba kuongea, alimpa daftari. Diwani akasoma amesimama. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu. Akamuuliza, mama naweza kulipiga picha hili? Baraza la madiwani lilipokaa alilisoma mle ndani, akamuuliza mganga mkuu wa wilaya mbele ya watu, dawa za kifafa kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri zimetengewa shilingi ngapi? Swali moja, lina namba ndani yake. Haliwezi kujibiwa kwa "tumelipokea".

Sasa wangapi hapa tuna daftari kama lile? Mkono juu. Mnaona? Na simu tunazo wote.

Kwa hiyo tukubaliane, ombi moja kwa kila mlango. Kwa diwani, dawa za kifafa zisikatike kwenye zahanati, phenobarbitone, carbamazepine, valproate, ziwe na kasma inayoonekana, sio zichanganywe humo na dawa nyingine halafu zikikosekana hakuna wa kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za msingi za kifafa zinaweza kugharimu kama dola 5 tu kwa mtu kwa mwaka mzima. Dola 5! Na shirika hilo hilo linasema kwenye nchi maskini watu watatu kati ya wanne wenye kifafa huenda hawapati matibabu wanayoyahitaji. Kwa mbunge, rejista ya taifa ya magonjwa adimu ya ubongo, nayo iwe na kasma yake kwenye Fungu 52 la Wizara ya Afya. Kwa nini rejista? Kwa sababu kila tukienda tunaulizwa "mko wangapi" na hatuna jibu, na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Basi. Hayo mawili. Najua kuna wengine mna maombi ya bima, ya shule, ya vipimo vya vinasaba kutumwa nje, yote ni ya haki na mimi mwenyewe nayataka, lakini tukiingia kwenye chumba cha kamati na maombi ishirini tutatoka na chai na biskuti.

Tena tuna silaha. Mwezi wa tano 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva ulipitisha mpango wa dunia wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, wa 2022 mpaka 2031, na lengo mojawapo ni nchi ziongeze huduma za kifafa kwa asilimia 50 kulinganisha na zilivyokuwa 2021. Mwezi wa tano 2025 mkutano huo huo ukapitisha azimio la magonjwa adimu. Tanzania ni mwanachama. Mbunge akiulizwa na waziri "hili mmelitoa wapi", ajibu tumelitoa kwenye karatasi ambazo nchi yetu ni sehemu yake. Mbunge hapendi kuonekana kakurupuka, mpe kitu cha kushika mkononi.

Na muda, jamani, muda. Watu wengi wanakwenda Dodoma mwezi wa sita wakati bajeti inapigiwa kura. Kwenda Dodoma mwezi wa sita ni kufika kwenye harusi masufuria yameshaoshwa. Halmashauri zinapanga mambo yao Januari na Februari, kamati za Bunge zinakaa na wizara mwezi wa tatu, Bunge la bajeti linaanza mwezi wa nne, Juni 30 mwaka wa fedha umekwisha. Diwani tunamtafuta kabla ya Krismasi. Kamati tunaiandikia barua mapema, kupitia ofisi ya Katibu wa Bunge, tunaomba nafasi ya kusikilizwa. Mbunge wetu wa jimbo tunampata akiwa jimboni, na wabunge wa viti maalum msiwasahau, hawa akina mama mara nyingi ndio wanaokaa mpaka mwisho wa kikao kukusikiliza.

La tatu na hili ni gumu. Wakishakusikiliza, usirudi nyumbani ukadhani imekwisha.

Uganda nimewasifia, sasa nimalizie habari yake. Kamera zikaondoka. Wafadhili wakaanza kupungua. Kule Odek, kaskazini ya Uganda, kulikuwa na kituo cha kulea watoto wa kutikisa kichwa, watoto waliokuwa wanatambaa wakawa wanatembea, wanakula wenyewe, wanajifunza, na mwaka 2017 kikafungwa kwa kukosa hela. Watoto wakarudishwa nyumbani. Fikiria wewe ni mzazi, mwanao alishaanza kushika kijiko.

Ndio maana napenda habari ya Marjorie Guthrie. Mwigizaji sio, daktari sio, alikuwa mwalimu wa kucheza dansi New York. Mume wake wa zamani, mwanamuziki Woody Guthrie, alikufa 1967 kwa ugonjwa wa Huntington, huu unarithiwa, mzazi akiwa nao kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuupata, unaanza ukiwa mtu mzima, mwili unacheza wenyewe, akili inaondoka. Walikuwa wameshaachana, na bado alimuuguza. Na watoto wake walikuwa kwenye hiyo nusu kwa nusu. Mwaka huo huo 1967 akaanza kutafuta familia nyingine, akapata chache, wakaunda kamati. Wakati huo familia nyingi zilikuwa zinaficha, mgonjwa anaambiwa mlevi. Akaanza kwenda Washington. Akaenda tena. Akaenda tena na tena, miaka. Katikati ya miaka ya sabini bunge la Marekani likaunda tume maalum ya ugonjwa huo, na mwenyekiti wakampa yeye, na mtendaji mkuu wa tume akawa Nancy Wexler, ambaye naye mama yake alikuwa na ugonjwa huo huo. Yaani tume ya serikali inaongozwa na watu wa familia! Wakazunguka wakikusanya ushuhuda, 1977 wakatoa ripoti, ikafungua hela za utafiti, Wexler na wenzake wakaenda Venezuela kwenye vijiji vya ziwa Maracaibo ambako ukoo mmoja mkubwa una wagonjwa wengi kuliko popote, wakachora miti ya ukoo, wakachukua damu. Mwezi wa kumi na moja 1983 wakatangaza wamepata alama ya ugonjwa kwenye vinasaba. Marjorie Guthrie alikuwa amefariki mwezi wa tatu mwaka huo huo. Hakuiona. Kinasaba chenyewe kilipatikana 1993.

Nimewaambia hilo makusudi, sio niwakatishe tamaa. Kuna mzazi humu atauliza mwanangu atafaidi nini. Nitakujibu kwa ukweli, dawa zisikatike, hilo mwanao anaweza kulifaidi mwakani. Rejista na utafiti, huenda ni mtoto wa mwenzio. Mimi nimeshakubali. Ubongo wa mdogo wangu ulioharibika haurudi, na bado nataka mtoto anayezaliwa leo Mahenge apimwe kwa ile fimbo kila msimu na ale ugali wake mpaka ashibe.

Na miaka haiwi mingi kila mara. Kuna mwanasheria wa Chicago, Brian Wallach, alijua ana ALS mwaka 2017, ile inayoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, akiwa na watoto wadogo kabisa. Yeye na mke wake Sandra Abrevaya wakaanzisha harakati, wakakusanya wagonjwa na familia, wakaenda bungeni, yeye anaongea kwa shida na mke wake anarudia maneno yake watu wasikie. Desemba 23, 2021 sheria ikasainiwa, dola milioni 100 kwa mwaka kwa miaka mitano. Walikuwa wamejipanga, ombi linajulikana, na hawakupumzika. Sheria za kwao na za kwetu si sawa na mfuko wa kwao na wa kwetu si sawa, hilo nalijua. Lakini mbunge ni mbunge, anataka kujua ni nani, anataka nini, na atarudi tena lini.

Kwa hiyo nawaomba tupange wa kurudi. Kila wilaya itoe watu wawili, sio mmoja, maana mgonjwa akizidiwa mmoja atabaki nyumbani. Wakishaonana na diwani waandike alichoahidi na tarehe, na siku hiyo ikifika wapige simu. Wasitukane, wasinung'unike. Wapige simu, "Mheshimiwa shikamoo, ni sisi wa wale watoto, tulikuwa tunaulizia ile kasma." Mwezi ujao tena. Akibadilishwa, aje mwingine, tunaanza naye. Na mwenye kufiwa asitoke kwenye kundi. Wazazi mliozika, nawaona mpo hapa, na nashukuru kuliko ninavyoweza kusema, ninyi mnaongea kitu ambacho sisi wengine bado tunaogopa kukitaja.

Nimemaliza yangu. Madaftari yapo kwenye boksi pale mlangoni, kila familia ichukue moja, mistari imeshapigwa. Dada mwenye kitenge cha kijani ana karatasi ya kuandika jina la wilaya na namba za wale wawili, na barua ya kwenda kwa kamati iko mezani kwake, isomeni kwanza ndio msaini, asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini. Wa Ulanga na Malinyi tubaki kidogo tuongee habari ya ugawaji wa dawa msimu ujao. Maswali nayapokea, tuanze na mzee pale nyuma.